Rehani za Kichuguu

Nungunungu na nguchiro, majirani wa pua na mdomo, walipigania kichuguu kimoja vita juu ya vita. Kila walipopatana walibadilishana watoto, kila upande ukalea wa mwenzake kama rehani, ili pasiwepo wa kuanza tena. Na kila mara wakaanza tena.

Siku ya suluhu nyingine, Bi Nungunungu alifika kichuguuni akapigwa na butwaa. Mjumbe wa nguchiro alikuwa nungunungu.

“Wewe si mwanangu?”

“Shikamoo, mama. Kichuguu hiki ni chetu sisi nguchiro. Babu zetu wamezikwa humu.”

“Marahaba... Babu zako? Babu yako nimemzika mimi, ng'ambo kule!”

“Mama, usinivuruge. Tupeni mtoto, tupatane.”

Bi Nungunungu akageuka. Vita vilikuwa vimewabakizia mtoto mmoja tu, nguchiro aliyemlea tangu hajafumbua macho. Akamsukuma mbele taratibu.

“Nenda, baba. Ni kwenu.”

Mtoto akajikunyata katikati ya miiba ya Bi Nungunungu, bila kuogopa kuchomwa.

“Mama, usinipeleke kwa nguchiro! Si ndio waliotuua?”

Bi Nungunungu akamtazama huyu, akamtazama yule, asijue amkabidhi nani kwa nani.