Najaribu Tu

"Hii suruali umeishona au umeiua?"

Mkwe aliishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya, akaitupa juu ya cherehani. Fundi aliinama akaitandaza. Mshono ulikuwa umenyooka kama umepigwa rula. Aliuona kwa macho yake. Lakini alipofungua mdomo alisema, "Nilikuwa najaribu tu, mkwe."

"Jaribu kufua. Beseni limejaa."

Waliishi nyumba moja, vyumba vitatu na jiko, mwaka wa nne sasa. Mwanamume aliyewakutanisha alikuwa mezani, anakula huku ameinamia sahani. Alikuwa mpole. Upole wake haukumfaa mtu.

"Umesikia anataka kwenda wapi leo?" Mkwe alimwuliza. "Karakana ya mafundi. Wanatafuta mwalimu, eti, na chumba cha kulala wanatoa. Na huyu naye anataka kuitwa mwalimu. Barua yenyewe kaandikiwa na jirani."

"Yaishe," mwanamume alisema.

"Yaishe nini? Wenzake wa rika lake wametulia makwao. Huyu umemleta hapa na begi moja, leo ni kiguu na njia." Kisha akamgeukia fundi. "Mkwe, nakuambia kwa faida yako. Watakucheka. Halafu watauliza huyu katoka nyumba gani, na nyumba ni yangu."

Fundi alifua, akaanika mpaka soksi ya mwisho. Ndipo akachukua mkasi na sindano zake, akatoka. Njiani alisali kidogo. Hakuomba kazi. Aliomba mkono usitetemeke.

Mkuu wa karakana hakumkaribisha kiti. Alimpa koti jeusi lisilo na tundu la kifungo hata moja. "Mashine ninazo. Nataka mtu wa kuwafundisha hawa kwa mkono. Anza."

Fundi alitunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa, kama alivyozoea. Akakata tundu, akazungushia uzi ukingoni, fundo kwa fundo, yote saizi moja. Wanafunzi watatu walisogea. Mmoja aliguna. Mkuu alipoligeuza koti ndani nje, nyuma kulikuwa safi kama mbele.

"Umejifunza wapi?"

"Najaribu tu, mama."

"Sikusikia."

"Nasema huwa najaribu tu."

"Basi rudi nyumbani ukajaribu." Mkuu alilibwaga koti mezani. "Nikiwapa hawa mwalimu anayejaribu, nao watajaribu. Wateja wangu hawavai majaribio. Kazi hii unaijua au huijui? Ukisema huijui nitakuamini, maana wewe ndiye unayejifahamu."

Aibu ilimpanda fundi mpaka masikioni. Miaka yote hiyo alidhani ule ni unyenyekevu, na unyenyekevu ni ibada. Sasa akaliangalia lile tundu pale mezani. Lilikuwa zuri. Mungu ndiye aliyempa vidole vile, naye kila siku alikuwa akivisingizia. Kumbe ulikuwa uongo, na uongo ni dhambi.

"Naijua," alisema. "Na huyu binti wa pembeni anashika mkasi kama anachinja kuku."

Mkuu hakucheka. "Kesho saa mbili asubuhi. Ukichelewa utamkuta mwingine."

Jioni Mkwe alisimama mlangoni mwa chumba, mikono kiunoni, akimtazama anavyokunja nguo zake.

"Nani atafua humu? Nani atawapokea watoto wakitoka shule?"

"Wewe, mkwe."

"Utarudi unalia."

"Sirudi."

"Leo umepata mdomo. Miaka minne umekula kwangu."

"Nilikula nilichopika."

Mkwe akaenda jikoni kugonganisha sufuria.

Mwanamume alikuja akaziba njia ya kutokea. Ilikuwa mara ya kwanza fundi kumwona amesimama kwa ajili ya jambo lolote.

"Usiondoke," alisema kwa sauti ya chini, ili jikoni wasisikie. "Nitaongea naye. Nikibaki peke yangu na yule, itakuwaje?"

Fundi alimtazama sana. Akamsogeza pembeni taratibu, kama unavyosogeza pazia.

"Wewe baki na mkeo, mwanangu," akamwambia. "Mimi mwenzangu nilishamzika."