Kipande cha Kumeremeta

Kipande chenyewe kilikuwa kidogo kuliko ukucha, kimenata chini ya kola ya shati la mumewe. Fundi alikibandua kwa ncha ya sindano, akakigeuza mbele ya dirisha. Kikang'aa kijani, kikang'aa zambarau, kikarudi kijani.

Hakuwa na haja ya kuuliza kilikotoka. Mtaa mzima ulikuwa na mtu mmoja tu aliyedarizi kwa ile plastiki ya kumeremeta, nyepesi kama ganda la kitunguu. Ni fundi mwenzake, mwanamke wa ng'ambo ya barabara, ambaye watu walimpachika jina la Kimulimuli. Plastiki hutandazwa juu ya kitambaa, cherehani ikapitisha nyuzi juu yake, kisha mabaki yakachanwa pembeni. Na mabaki hayo yana tabia mbaya: humganda yeyote aliyekaa karibu. Huyu wangu amekaa karibu sana, fundi alijisemea, na roho ikamuuma.

"Hiki kimetoka wapi?"

Mumewe alikitazama. "Labda upepo."

"Upepo umekupulizia ndani ya kola?"

"Mama watoto, mimi nashinda barabarani natafuta kazi. Barabarani kuna mengi."

Alikuwa mchora mabango, hadi mashine za kuchapa zilipompokonya tonge mdomoni. Tangu hapo kila siku baada ya kula aliaga, akatoka. Miezi ya mwanzo alirudi amenuna, na hilo lilieleweka. Siku hizi alirudi akipiga mluzi. Alikata kucha bila kuambiwa. Mwanamume asiye na kazi anapiga mluzi kwa furaha gani? Kikulacho ki nguoni mwako, na fundi alikuwa amekishika kwa sindano.

Kidonda cha pili kilikuwa cha kazini. Kwa miaka mingi nguo ya bibi harusi haikukamilika bila kupita mikononi mwake. Sasa wateja walivuka barabara bila hata kumwangalia usoni. Siku moja naye alijikaza akavuka, akajifanya anapita tu, akasimama mbele ya kioo cha Kimulimuli. Ndani alitundikwa tausi aliyedariziwa, na mkia wake ulipumua kila mtu alipopita. Fundi alitafuta kasoro hata moja, akaikosa. Alirudi nyumbani akalia chooni, bomba likiwa wazi ili asisikike.

Kesho yake alinunua plastiki ileile akadarizi tausi wake. Alizishona nyuzi zikashikana barabara, kama alivyofanya maisha yake yote, mpaka plastiki ikazikwa chini yake. Tausi akatoka amepauka, ndugu yake kuku.

"Ungeacha nafasi kati ya uzi na uzi," mumewe alisema akiwa nyuma yake. "Ing'ae kwa katikati."

"Umefundishwa naye hayo?"

Mumewe alinyoosha mkono kuigusa fremu iliyoshika kitambaa.

"Toa mkono wako hapo. Ulishanivunjia sindano mwaka ule, na nilikwambia, cherehani si brashi."

Akautoa. Kisha akavaa viatu, akaaga.

Jioni ile alikuja mama wa bibi harusi mmoja kuchukua tena kitambaa alichokuwa ameshakileta. Alikuwa mama mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyouma zaidi.

"Si kwamba wewe hujui, dada yangu. Lakini mkono wa kule ng'ambo, jamani, ule ni mkono wa kupewa."

Fundi alimkunjia kitambaa vizuri, akamfungulia na mlango. Alipobaki peke yake aliitazama barabara kwa muda mrefu. Sawa, alisema kwa sauti. Wateja awachukue. Lakini mume simwachii.

Siku iliyofuata mumewe alipotoka, naye alifunga duka akamfuata kwa mbali. Alimwona anavuka, anazunguka nyuma ya duka la Kimulimuli, anaingia kwa mlango wa uani bila kubisha hodi. Anayeingia bila hodi huwa kwake, fundi aliwaza. Alisimama pale uani akiyapanga maneno. La kumwambia mumewe, la kumwambia yule mwanamke, na lile la mwisho ambalo lingewafanya wote wawili watazame chini.

Ndani kulikuwa na mlio wa cherehani, kisha kimya, kisha Kimulimuli akacheka taratibu.

Fundi akausukuma mlango.

Kimulimuli alikuwa amesimama kando na mkasi mkononi, anakata plastiki vipande vipande na kusogeza kimoja kimoja, kama anayesubiri kuambiwa. Aliyeketi kwenye cherehani alikuwa mumewe, miwani puani, ncha ya ulimi nje, anamalizia jicho la mwisho la mkia wa tausi mpya. Nafasi kati ya uzi na uzi zilikuwa sawasawa, na mkono wake, ule mkono wa kupewa, haukutetemeka.

Fundi aliutazama ule mkia, na maneno yote aliyoyapanga yakampotea. Alitamani, kwa moyo wake wote, kama angewakuta wamekumbatiana.