Bei ya Ng'ombe wa Vunamele

Harison Garae alipotaja vatu elfu sitini kwa kila ng'ombe, Bibi Elsina alimpa mgongo. Hakubisha wala hakutukana. Alivuta kitambaa chake kichwani, akatazama minazi kana kwamba pale langoni hapakuwa na mtu.

Harison akafurahi moyoni. Mwezi uliopita bibi huyuhuyu alimtolea uvivu mbele ya kijiji kizima, mkono kiunoni: "Wewe mtoto! Fahali nimemlea miaka minne, halafu hela yake iishe kwa nyama ya kopo ya mwezi mmoja? Nenda kamdanganye mamako!" Siku ile lori lake lilirudi mjini Luganville tupu. Leo bibi kanywea, Harison alijiambia. Shida imemtia adabu.

Machinjio yaliyomtuma kununua yalimruhusu kutoa hadi laki moja kwa ng'ombe mmoja, na nusu ya alichookoa ilikuwa yake. Basi alipunja, na alipunja kwelikweli. Nusu ya wafugaji wa pwani ile walishang'oa nyaya za malisho wakapanda kava, mizizi ya kinywaji inayolipa kuliko ng'ombe. Mjini bucha zilining'iniza kulabu tupu, watu wakala kuku wa barafu kutoka ng'ambo. Hilo halikumkosesha Harison usingizi. Vunamele walibaki wanawake watano tu wenye ng'ombe, nao walikuwa wameapa: leo isipopatikana laki moja, nyaya zinang'olewa na hapa.

Safari hii alikuja na mkewe. Mereoni alikuwa Mfiji, na kwa miaka mitatu aliyokaa Vanuatu hakuwa na hata shangazi wa kupiga naye umbea. Nyumbani alilalamika mpaka Harison akachoka masikio, akamwambia apande lori akapunge upepo. Walipofika tu, wanawake wa Vunamele walimpokea kama mtu waliyemngoja, wakammwagia poda nyeupe kwenye nywele, wakamvuta ndani.

Harison alikwenda kukagua ng'ombe. Huko malishoni alisikia nyimbo, kisha nguruwe akilia kilio chake cha mwisho. Wananipikia, aliwaza, akalegeza mkanda. Aliporudi langoni alimkuta Bibi Elsina, na jirani yake Lonsen akitengeneza uzio; hapo akataja ile sitini, akapewa mgongo.

"Haya bibi, umekataa sitini," alisema Harison. "Sasa ni hamsini na tano."

Bibi akaendelea kutazama minazi. Lonsen akakohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

"Bibi yenu vipi leo? Anaumwa?"

"Mzima kabisa. Ila hawezi kusema na wewe."

"Basi msemee wewe. Mwambie kadiri ninavyozidi kusimama hapa bei inashuka."

"Thubutu!" Lonsen aliinua nyundo yake. "Mimi simo, kaka. Mambo yenu hayo."

Harison akasogea hatua mbili. Bibi Elsina alitoka njiani haraka, akaingia majanini, uso kaupeleka kulekule kwenye minazi. Harison akaona ananiogopa huyu, akacheka kwa sauti.

Hapo ndipo Mereoni alipotokea. Nywele zilijaa poda, mabegani amevikwa mkeka mwekundu, macho yamelowa kwa furaha. Tangu aje nchi hii, Harison hakuwahi kumwona akitembea kifua mbele namna ile.

"Harison, vua kofia."

"Nivue kofia kwa ajili ya nani?"

"Mama anasema laki moja. Kila ng'ombe."

"Mama gani? Mamako si yuko Suva?"

"Yule ni wa kunizaa." Mereoni alielekeza kidevu majanini. "Wa hapa ndiye huyo, leo kanifanya mwanawe. Wamenichinjia nguruwe, wamenivika mkeka, na mkuu wa kijiji kashuhudia. Na mimi sasa nina kwetu."

Mkono wa Harison uliivua kofia kabla hajaamua. Macho yakashuka, yakatua kwenye viatu. Kwao kisiwani Ambae, kama hapa Vunamele, mwanamume anaweza kubishana na polisi, na mchungaji, na hata baba yake. Lakini yeye na mama mkwe hupishana njia, hawatazamani usoni wala hawasemezani, na mama akituma neno, neno limekwisha.

Akashuka majanini upande wa pili, tope likamfika vifundoni. Akatoa kalamu, akaandika laki moja, na moyo ukamuuma kwa kila sifuri.

Lakini wenye ng'ombe bado wako wengine, alijipa moyo. Kwa hao atafidia yote. Akamsogelea mkewe, akanong'ona:

"Na wale wanawake wanne wako wapi, niwahi kumalizana nao?"

"Akina nani?" aliuliza Mereoni. "Mama zangu wadogo?"