Marehemu Ataimba Mwisho

Tangazo lililobandikwa mlangoni lilisema marehemu ataimba wa mwisho, saa kumi na moja jioni, na baada yake ukumbi unafungwa moja kwa moja.

Glenda alilisoma mwavuli ukimchuruzikia maji viatuni. Akaingia, akachagua kiti cha nyuma kabisa, kando ya meza ya chai, katika klabu ile ya wafanyakazi wa Leigh, kaskazini mwa Uingereza, iliyomjua tangu magoti yake yakiwa mazima.

"Mke wa Cliff huyo!" alipaza sauti Pauline, mwenye meza ya chai. "Umepotea wewe! Tangu mazishi?"

"Nipo, dada. Mimi na nyumba, nyumba na mimi."

"Chukua pai, bado ya moto. Leo utalia, shauri yako."

Akachukua chai tu. Hakuja kula. Kilichomtoa nyumbani na mvua yote ile ni kimoja: kuisikia sauti ile mara ya mwisho. Cliff alipokufa alimwachia rafiki yake Neville sanduku zima la santuri, mkewe akamwachia nyumba, na nyumba haiimbi. Miaka miwili sasa hajaisikia.

Sakafuni mambo yalikuwa yale yale, wachezaji wenyewe ndio waliochakaa. Suruali pana, poda iliyomwagwa ili viatu viteleze, soul ya Kaskazini, ule muziki wa weusi wa Marekani walioufanya wao kuwa wao, ikipasua masikio. Enzi za mikesha walicheza hadi kunapambazuka, wakijirusha chali na kuinuka kama hawana mifupa. Siku hizi wanakutana Jumapili mchana, na anayejirusha chali anaitiwa gari la wagonjwa. Nusu yao walikuwa wameketi, wakicheza kwa mabega. Ukali wao tu ndio haukuzeeka. Wimbo lazima utoke Marekani, uwe wa zamani, na uwe ulishindwa kuuzika. Mwenzao mmoja aliwahi kuthubutu kupiga wa Mwingereza. Sakafu ilihamwa yote, akazomewa mpaka akaacha kabisa kupiga.

Neville akashuka jukwaani kumsalimu, kipara kinang'aa, santuri mkononi.

"Shemeji! Umekuja kumuaga Loretta?"

"Nimekuja."

"Imekwisha hii, sikufichi. Nakala yenyewe moja duniani, ile ya majaribio, laini kama nta. Kila sindano ikipita inaila. Naipiga leo, basi tena."

Glenda akaitazama. Katikati bado ilikuwa imegandishwa karatasi nyeupe yenye mwandiko wa Cliff: Loretta Vane, Detroit. Kila mpiga santuri wa enzi zile alifunika jina la mali yake adimu akabandika la uongo, wapinzani wasije wakaisaka. Ya Cliff waliisaka mpaka Marekani kwenyewe. Wakarudi mikono mitupu na hadithi: binti wa watu aliimba mara moja tu, kisha akafa kwa moto. Cliff hakukubali wala hakukanusha. Tangu hapo, kila mwaka wanamwekea maua jukwaani.

"Hujawahi kutamani kuibandua?" Glenda aliuliza.

"Karatasi ya Cliff? Thubutu! Atanitokea usiku. Mimi kinachoniua ni pale juu, kabla hajapanda, sauti inavyomkwama. Nywele zingenisimama, ningekuwa nazo. Yale ni majonzi, shemeji."

"Ni mafua tu."

"Nani kakwambia?"

"Cliff."

Neville akacheka. "Ulimwonea wivu wewe, sema kweli. Wimbo ukianza tu, huyo, nje na koti lako."

Glenda akakoroga chai yake. Labda ulikuwa wivu, labda hauna jina. Kila Jumamosi Cliff alimmwagia Loretta sifa mbele ya mamia ya watu, machozi yakimlenga, na alfajiri akarudi nyumbani akala mayai yake bila kusema neno. Ukumbi mzima ulimpenda Loretta. Glenda alikuwa mke wa Cliff, mshika makoti. Upweke wake haukuanza msibani, na hilo hakupata kumwambia mtu, maana mumewe alikuwa amemwapisha asizungumze kabisa habari za mwanamke yule.

"Jamani!" Neville alitangaza, amerudi jukwaani. "Simameni, hata kwa fimbo."

Wakasimama. Ngoma ikapiga, matarumbeta yakaitika, na sauti ikaingia, changa, yenye njaa ya kupendwa. Safari hii Glenda hakutoka. Alishika kikombe kwa mikono miwili. Wazee wakateleza juu ya poda, macho wamefumba, na kwa kitambo kidogo hapakuwa na goti linalouma ukumbini.

Katikati ya ubeti wa pili, sindano ikakwaruza, ikateleza mpaka pembeni. Neville akairudisha. Ikateleza tena. Akaijaribu kwa kidole, taratibu, kama anayemwamsha mgonjwa. Wapi! Akaiinua.

"Basi, ndugu zangu. Amekwenda."

Hakuna aliyepiga makofi. Walisimama pale pale walipoachwa, hawajui pa kutazama. Pauline akajifuta macho kwa aproni. "Maskini binti wa watu," alisema. "Hata kumaliza hakumaliza."

Glenda akaweka kikombe mezani, akasimama. Akasafisha koo, akaushika ubeti pale pale sindano ilipouachia, na alipofika pale juu sauti ikamkwama kidogo, kama ilivyomkwama siku ile ya mafua, ndipo akapanda.