Wapanda Miraa Hawafungwi

Kirimi aliitupa ile mikanda ya usalama kwa hasira. Ilijikunja hewani, kishikizo chake cha chuma kikamwangukia yeye mwenyewe kwenye vidole vya mguu. Elysée, muuzaji wa duka la vifaa vya uwindaji, alikunja uso kana kwamba kimempiga yeye. Kirimi hakushtuka hata kidogo. Viatu vyake vilikuwa vyeupe, havina doa wala mkunjo, utadhani vimetoka kwenye boksi asubuhi ile.

"Hiyo ni ya kufungia mbuzi," alisema. "Lete nyingine."

Jennifer, mkewe, aliinama akaiokota. Chini ya koti alikuwa bado na sare ya uuguzi. Alikuwa ametoka zamu, akaendesha gari kutoka Agincourt hadi Downsview katika foleni ya barabara kuu ya 401, na njia nzima mumewe hakumsemesha.

"Chagua, Baba Ella."

"Sikusema nakuja."

"Na umekuja. Chagua."

Jumamosi msimu wa kulungu ulikuwa unafunguliwa. Ulingo wao, kiti cha chuma kilichofungwa kwenye mti mita sita kutoka ardhini, ulikuwa bado unasubiri kwenye shamba la rafiki, mwendo wa saa mbili kaskazini ya jiji. Kirimi alitaka ukatwe, mti na ulingo pamoja. Jennifer aliapa mbele ya mtoto wao kwamba Jumamosi utapandwa, kwa mikanda au bila mikanda. Nyumba imejaa hasira, alisema. Yeye anataka nyama.

Hilo la mikanda ndilo lililomchoma. Kirimi ni mtoto wa Maua, kule Meru. Alianza kupanda miraa akiwa na miaka minane, miguu mitupu, akichuma kwenye matawi yanayopinda bila kuvunjika, na karo yake yote ilitoka huko juu. Hakuna aliyewahi kumfunga kamba. Kinachofungwa ni mzigo.

"Wapanda miraa hawafungwi," alisema, duka zima likasikia.

"Na barafu ya Novemba, huko Maua mnayo?"

Kirimi alimpungia Elysée mkono aharakishe.

Elysée alirudi na mkanda mwembamba, akaanza kumweleza Jennifer. "Mama, hii iko muzuri. Nyepesi. Unafunga hapa kiunoni, basi."

"Ongea na mimi," Kirimi alimkata. "Mwindaji ni mimi. Huyu anajua sindano."

"Pole, papa."

"Wewe umewahi kupanda mti?"

"Miye niko mutoto wa Bukavu, papa. Miti ya kwetu tulikuwa tunachoma makala ya kupikia."

Jennifer alicheka. Kirimi hakucheka. Aliunyakua mkanda, akauvuta kwa mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa na sugu mpya, nene, ambazo mwaka jana hazikuwepo.

"Kiunoni tu? Mtu akianguka na kitu hiki kitamkunja katikati kama karatasi, abaki ananing'inia bila pumzi. Ondoa. Nataka ya mwili mzima. Mabega, kifua, mapaja. Na nionyeshe ilitengenezwa lini."

Elysée alileta, akaonyesha tarehe. Kirimi aliisoma mara mbili.

"Kamba?"

"Iko hii, papa. Unafunga juu, ukishafika kwenye kiti."

"Ukishafika?" Ngumi ya Kirimi ilitua kwenye rafu, visanduku vya misumari vikaruka. "Nani kakwambia watu huanguka wakishakaa? Huanguka wakipanda. Huanguka hatua ya mwisho kabisa, mguu mmoja kwenye ngazi, mwingine unatafuta kiti, mtu anajiona amefika. Nataka kamba inayoshuka hadi ardhini, yenye fundo linaloteleza mtu akipanda, likabana akianguka. Mtu ajifunge akiwa bado anakanyaga majani."

Wateja wawili karibu na mlango waligeuka. Elysée aliishusha kamba taratibu.

"Umesoma sana, papa."

"Nimekuwa na muda."

Aliipitisha kamba vidoleni, futi kwa futi, akitafuta uzi uliolegea. Hakuupata, na hilo nalo likamkasirisha. Alitamani kumpiga mtu. Muuzaji hakuwa na kosa, mkewe hakuwa na kosa, hata mti haukuwa na kosa. Aliyebaki alikuwa mmoja, na huyo Kirimi hakutaka kumtaja.

"Haya, uzito?" aliuliza Elysée, kalamu mkononi.

"Sitini na nne," alisema Jennifer.

"Sitini na nane," alisema Kirimi. "Na nguo za baridi, sabini na mbili. Hapa si mahali pa kudanganya, Jeni."

Jennifer alitazama dari. Elysée aliandika namba ya mwisho bila kumwangalia mtu usoni, akaenda nyuma, akarudi na mikanda ya kipimo hicho.

"Ijaribiwe nyumbani, papa?"

"Ijaribiwe hapa hapa," alisema Kirimi. "Nione kwa macho yangu."

Jennifer alivua koti. Aliingiza mguu mmoja, kisha wa pili, akapandisha mikanda mabegani, akafunga kishikizo cha kifuani na kumsogelea mumewe. Kirimi aliikaza mikanda ya mapaja ya Jennifer, mmoja baada ya mwingine, mpaka mke akaguna.

"Imekubana?"

"Imenibana."

"Vizuri."

Kirimi akashika magurudumu ya kiti chake, akajisukuma hadi kaunta, viatu vyake vyeupe vimetulia juu ya vikanyagio.