Rangi Mbichi

Askari walimburuta Wouter kwa nywele kutoka bustanini, wakamgonga uso ukutani hadi jino likamdondoka. Miguuni pao mijusi walitawanyika. Mmoja alikanyagwa kwa buti, matumbo yakamtoka.

"Mnaniulia mijusi wangu!" akafoka Wouter. "Nitachora nini sasa, sura zenu?"

"Na Lubbert je, naye alikuwa wa kuchorwa?" akauliza Sybrant, mkuu wa askari wa mji.

Lubbert, mtega nyoka aliyewauzia wachoraji wa Amsterdam, alikuwa ameopolewa mferejini asubuhi ile, tumbo limepasuliwa kwa kisu. Siku iliyotangulia, Sybrant mwenyewe alikuwa amefika hapo asubuhi kuwaamua Lubbert na Wouter waliokuwa wakigombana, akamsikia Wouter akiapa kumchinja Lubbert. Bila ushahidi wa mahali alipokuwa baada ya hapo, Wouter angenyongwa.

"Ulipoondoka nilibaki hapa hapa, nikachora mpaka kengele ya jioni. Ingieni mwone, mapunguani nyie!"

Ndani, Machteld, mkewe, alisimama kando ya turubai la kuchorea, kofia yake nyeupe kichwani. Mdomo wake ulikuwa umevimba.

"Umepatwa na nini, mama?"

"Ngazi zetu zina utelezi, bwana."

Sybrant aligeukia picha. Jana asubuhi alikuwa ameona mbigili mmoja tu juu ya udongo mweusi. Sasa chini ya mbigili ule palikuwa na uyoga, kipepeo mwenye mabawa halisi yaliyogandishwa kwenye rangi, na nyoka aliyemng'ata chura hadi jicho likamchomoza. Aligusa magamba. Kidole kikatoka kijani.

"Mbichi kabisa," akakiri.

"Nani mwingine mjini humu anayeweza magamba hayo?" Wouter alicheka, damu ikimchuruzika kidevuni. "Huyu? Huyu kazi yake ni kunisagia rangi na kuwalisha vyura nzi!"

Askari wakacheka naye. Mmoja akamlegezea kamba waliyomfunga mikono.

Machteld akapiga magoti. "Mume wangu hana hatia, bwana mkubwa. Hakutoka humu ndani. Tazama kazi yake vizuri, usije ukamnyonga mtu bure." Akamkabidhi kioo cha kukuzia. "Anza na nyoka, umalizie na lile tone la umande kwenye ncha ya jani. Wachoraji wetu hujichora humo, wadogo kama chawa, badala ya kutia sahihi."

"Tone gani?" akauliza Wouter.

Sybrant aliinama, akasogeza kioo karibu, akafumba jicho moja. Ndani ya tone mlikuwa na dirisha, meza ya rangi, na mtu mmoja tu aliyeketi mbele ya turubai, brashi mkononi. Alikuwa amevaa kofia nyeupe ya kike, iliyofungwa kwa utepe chini ya kidevu.