Mlio Nyuma ya Mwamba

Burzin alibandika sikio kwenye mwamba, akawaashiria wenzake wanyamaze. Du. Du. Du. Leo mlio ulikuwa karibu zaidi.

"Maji yapo," alisema. "Yanadunda humu humu."

Walikuwa chini kabisa, ndani ya handaki walilochimba kuelekea tumboni mwa mlima, wakitafuta maji ya kuufufua mfereji wa kijiji. Mfereji ule ulinywesha mashamba tangu enzi za mababu, na sasa ulikuwa umejaa mchanga kwa mwaka wa pili. Birika kubwa la kijiji lilibaki na tope.

Msafara wa mwisho wa ngamia ulikuwa umepita majuma matatu nyuma, tayari kumchukua yeyote aliyetaka kuhama. Burzin ndiye aliyewazuia watu. Binti yake Roshnak alikuwa mjamzito wa miezi tisa, na mzee aliapa kwamba mjukuu wake ataogeshwa kwa maji ya nyumbani. Wakamwamini, maana mlio waliusikia kwa masikio yao wenyewe.

Mwenye shaka alikuwa mmoja tu, Mihrak, mume wa Roshnak.

"Mzee, maji gani haya yanayopumzika mchana?" aliuliza, akipangusa vumbi mdomoni. "Na Nowruz, siku ya mwaka mpya, yalinyamaza siku nzima. Au nayo yalikwenda kula sikukuu?"

"Wewe chimba. Maneno yako utayamalizia ukishaoga."

Wenzao wakacheka kwa koo kavu. Mihrak naye akacheka, kwani asipoamini atarudije kumtazama mkewe, ambaye tangu asubuhi alikuwa amepewa vijiko viwili tu vya maji?

Kuelekea jioni sururu ya Burzin ilizama hadi kwenye mpini. Ubaridi ukampiga usoni. Alilia waziwazi, wala hakuona haya, akalipanua tundu kwa mikono huku akiwahimiza walete viriba.

Upande wa pili kulikuwa na mwanga wa taa. Mwanamume mwenye midomo iliyopasuka, sururu begani, alipenyeza mkono tunduni, akaushika wa Burzin na kuubusu.

"Tangu majira ya baridi tunayasikia hayo maji yakidunda, nasi tunayachimbia," alisema. "Kumbe mmetutangulia. Si neno. Tugawieni, ndugu zangu, hata funda moja la watoto."